Ndoo ya Maji Nyuma ya Mlango

Nyumba nyingi za Uingereza hazina haja ya sanduku la posta. Mlango wa mbele wenyewe una tundu refu, jembamba, lenye kifuniko cha chuma, na tarishi akifika husukuma barua zikadondoka sakafuni kwa ndani. Katika miaka ya 1970 na 1980 tundu hilo liliwanyima usingizi Waasia wengi wa mashariki mwa London, kwa sababu palipopita barua palipita pia kinyesi, fataki na petroli. Wenye nyumba waliliziba kwa bati au kipande cha ubao. Wengine waliweka ndoo ya maji nyuma ya mlango kila usiku kabla ya kulala, kama sisi tunavyokagua komeo.

Mapema Julai 1981, katika eneo la Walthamstow, nyumba ya familia ya Khan ilimwagiwa petroli na kuwashwa moto wenyewe wakiwa wamelala. Mama na watoto wake watatu walikufa. Baba alinusurika na majeraha makubwa. Aliyefanya hivyo hajawahi kutiwa hatiani. Mnamo Novemba mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ilitoa ripoti yake ya kwanza kuhusu mashambulizi ya ubaguzi, na ndani yake kulikuwa na hesabu iliyowashtua hata walioiagiza: Mwasia alikuwa katika hatari ya kushambuliwa kwa sababu ya rangi yake mara 50 kuliko Mzungu.

Hesabu hiyo haikuwashtua waliokuwa wakiziba matundu ya milango. Wao walikuwa wameripoti kwa miaka, na polisi walikuwa na majibu yao tayari. Ni ugomvi wa majirani tu. Ni utundu wa watoto. Hakuna ushahidi kwamba rangi ilihusika. Mtu aliyepigwa akaumia kidogo aliambiwa afungue kesi mwenyewe, kwa gharama yake. Sura hii ni ya watu waliokataa majibu hayo. Maandamano yao yamepigwa picha za kutosha na yatatajwa, lakini naamini kazi iliyobadilisha mambo zaidi ilifanywa na watu waliokaa na simu na daftari, ambao picha zao ni adimu.

Waasia ninaowasema hapa ni wenye asili ya India, Pakistan na Bangladesh, ambao huku kwetu Afrika Mashariki mara nyingi tunawatia wote kapu moja na kuwaita Wahindi. Si wachache kati yao waliotokea huku. Kenya ilipopitisha sheria za mwaka 1967 zilizowabana wasio raia katika kazi na leseni za biashara, maelfu waliokuwa na pasi za Uingereza walifunga mizigo. Bunge la London likajibu kwa kupitisha, katika siku chache tu hadi 1 Machi 1968, sheria ya kuwazuia raia wake wenyewe wasiingie. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90, na watu kama 28,000 wakatua Uingereza. Baraza la jiji la Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende kwao. Walikwenda vilevile, sijui kama kuna jiji lingine lililowahi kujitangaza vizuri namna hiyo bila kukusudia.

Huku walikuwa katikati ya ngazi ya mkoloni, chini ya Mzungu na juu ya Mwafrika, wengi wakiwa na duka mbele na mtumishi jikoni. Kule walijikuta kwenye zamu ya usiku kiwandani, wakitukanwa pamoja na Wajamaika kwenye kituo kimoja cha basi. Wazee wengi walilichukulia hilo kama mkosi wa muda. Vijana wao waliona wazi kwamba hawatarudi popote, na kwamba kituo kile cha basi ndicho chao.

Mwaka 1976 ulianza vibaya. Mwezi Mei gazeti la Sun lilitia ukurasa wa mbele habari ya familia za Waasia kutoka Malawi zilizowekwa hotelini kwa gharama ya serikali. Katika uchaguzi wa mitaa wa Leicester, chama cha National Front, kilichodai wahamiaji warudishwe makwao, kilizoa takriban asilimia 18 ya kura. Halafu usiku wa 4 Juni, huko Southall, magharibi mwa London, Gurdip Singh Chaggar, mwanafunzi wa miaka 18, alichomwa kisu na vijana wa Kizungu karibu na sinema ya Dominion.

Dominion haikuwa sinema ya kawaida. Ilimilikiwa na Indian Workers' Association, chama cha wafanyakazi wa Kipunjabi kilichoundwa hapo Southall katika miaka ya 1950, na humo ndimo watu walimotazamia filamu za Bombay mwishoni mwa juma na kufanyia mikutano yao. Kuua mtu pale ni sawa na kumwua kwenye baraza la mji. Suresh Grover, kijana mzaliwa wa Nairobi, amesimulia mara nyingi kwamba alipita hapo, akaona damu barazani, akamwuliza polisi ni ya nani. Akajibiwa kwamba ni ya Mwasia tu.

Wazee wa chama waliitisha mkutano ndani ya Dominion. Zilitolewa hotuba, likapendekezwa azimio, wakatajwa mawaziri wa kuandikiwa barua. Vijana waliokaa nyuma walisikiliza hadi wakachoka, wakatoka na kwenda kwa miguu hadi kituo cha polisi. Njiani wenzao wawili walikamatwa. Basi wakakaa chini mbele ya kituo, mamia yao, wakisema hawaondoki hadi wawili hao waachiwe. Waliachiwa. Hapo ndipo ilipozaliwa Southall Youth Movement, na miji mingine, Bradford na Manchester na Birmingham, ikafuata na vyama vyake vya vijana.

Mabishano kati ya wazee na vijana yameandikwa kana kwamba vijana walikuwa na haki yote. Mimi sioni hivyo. Chama cha wazee ndicho kilichokuwa na jengo, na mawakili, na namba za simu za wabunge. Bila Dominion vijana wasingekuwa na mahali pa kutoka kwa hasira. Lakini ni kweli kwamba wazee walikuwa wakiwaomba polisi wafanye kazi yao, na vijana walikuwa wamekata tamaa ya kuomba.

Kiangazi hichohicho, tarehe 20 Agosti, upande wa Willesden, mwanamke mfupi aliyevaa sari alitoka kazini na hakurudi. Jayaben Desai alizaliwa Gujarat, akaishi Tanzania, akafika Uingereza miaka ya mwisho ya 1960. Alifanya kazi Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha kilichojaza wanawake wa Kiasia kutoka Afrika Mashariki kwa sababu mwenye kiwanda aliamini hawatasema kitu. Kulazimishwa kubaki baada ya saa za kazi na kuomba ruhusa ya kwenda msalani mbele ya wanaume vilikuwa mambo ya kila siku. Mgomo wa Bi Desai ulidumu hadi Julai 1978. Wapanga barua wa posta ya Cricklewood walikataa kugusa barua za kampuni, wachimba makaa ya mawe walisafiri usiku kucha kuja kusimama naye langoni, na bado akashindwa. Hata hivyo vyama vya wafanyakazi, ambavyo miaka miwili kabla, mwaka 1974, viliwaacha Waasia wa kiwanda cha Imperial Typewriters mjini Leicester wagome peke yao, vilikuwa vimemwona kwa macho.

Turudi mashariki mwa jiji. Barabara ya Brick Lane ilikuwa ya Wabangladeshi, mafundi cherehani wa viwanda vidogo vya nguo. Kila Jumapili asubuhi National Front walisimama kwenye kona ya Bethnal Green Road wakiuza gazeti lao, na baada ya mauzo vijana wao waliteremka barabara wakivunja vioo. Tarehe 4 Mei 1978, siku ya uchaguzi wa mitaa, Altab Ali, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo mwenye umri wa miaka ya ishirini na ushei, alichomwa kisu akirudi nyumbani. Siku kumi baadaye watu kama 7,000 waliandamana nyuma ya jeneza hadi Downing Street. Kwa jamii iliyosifiwa kwa unyamavu, hiyo ilikuwa ajabu.

Kilichofuata kilikuwa kidogo zaidi na, kwangu, chenye akili zaidi. Wanaharakati wakaamua kuamka mapema kuliko wauza magazeti. Jumapili walijaza ile kona alfajiri, wakasimama tu, vijana wa Kibangladeshi na wenzao Wazungu wa vyama vya mrengo wa kushoto, mpaka wale wengine walipofika wakakosa pa kuweka mguu. Wakati huohuo baraza la vyama vya wafanyakazi vya Bethnal Green na Stepney lilikusanya visa vya mashambulizi ya mtaani kwao na kuvichapisha kama kitabu kiitwacho Blood on the Streets. Tarehe, mahali, jeraha, polisi walisema nini. Serikali haikuwa imefanya hesabu ya namna hiyo. Ilibidi ifanywe na makatibu wa vyama jioni baada ya kazi.

Southall iliona makubwa zaidi tarehe 23 Aprili 1979, National Front walipopewa ukumbi wa mji kwa mkutano wa uchaguzi. Polisi zaidi ya 2,500 walimwagwa kuulinda mkutano, watu zaidi ya 300 wakakamatwa, na mwalimu kutoka New Zealand, Blair Peach, akapigwa kichwani akafa. Ripoti ya ndani ya polisi, iliyokubali kwamba kuna uwezekano mkubwa aliyempiga alikuwa askari, ilifichwa kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi 2010.

Sasa nifike Newham, mashariki mwa London, maana huko ndiko lilikofunguliwa daftari lenyewe. Julai 1980 Akhtar Ali Baig, kijana wa Kipakistani, alichomwa kisu barabarani East Ham akafa. Kutokana na hasira ya kifo hicho likaundwa shirika la Newham Monitoring Project. Lilikuwa na ofisi ndogo, wafanyakazi wachache na watu wengi wa kujitolea, lakini kitu chake cha maana kilikuwa namba ya simu iliyopokelewa saa zote, mchana na usiku.

Kazi ya namba ile yafaa ielezwe kwa utaratibu. Simu inalia saa saba usiku. Ni mama aliyerushiwa jiwe dirishani, mumewe yuko zamu, watoto wanalia. Mpokeaji simu hamwambii apige polisi kisha akakata. Anamwuliza: saa ngapi hasa, jiwe limetoka upande gani, umeona nguo gani, taa ya barabarani ilikuwa inawaka? Anamwambia asifagie vioo mpaka vipigwe picha. Mtu mwingine wa kujitolea anaamshwa na kwenda nyumbani kwake, anakaa naye hadi polisi wafike, na polisi wakifika anaandika saa waliyofika na namba iliyo begani mwa askari. Asubuhi wanakwenda pamoja kituoni kuhakikisha kisa kimepewa namba ya jalada. Wanaandika barua kwa idara ya nyumba ya baraza, kwa mbunge, kwa diwani. Wiki inayofuata dirisha likivunjwa tena, kisa hakianzi upya. Kinaingia ukurasa uleule, chini ya kile cha kwanza.

Hapo ndipo penye siri. Jiwe moja ni utundu wa watoto. Mawe kumi na moja kwa miezi minne, dirisha lilelile, kutoka ngazi ileile ya jengo la jirani, hayawezi kuitwa hivyo mbele ya hakimu bila mtu kuona haya. Unyanyasaji wa aina hii ulifanikiwa kwa sababu kila kisa peke yake kilikuwa kidogo mno kumsumbua askari, na wenye visa walizoea kila mmoja kubaki na chake. Wengine walijitukana wenyewe kwa kushindwa kuishi vizuri na majirani. Daftari lilipoanza kuvipanga, mambo mawili yalionekana ambayo mtu mmoja asingeweza kuyaona: nyumba zilizoshambuliwa zilikuwa zimefuatana kwenye mitaa fulani, na majina ya washambuliaji yalijirudia. Katikati ya miaka ya 1980 Newham likawa miongoni mwa mabaraza ya kwanza nchini kuifukuza familia kutoka nyumba ya baraza kwa kosa la kuwanyanyasa majirani kwa ubaguzi. Kabla ya hapo aliyehamishwa, akihamishwa mtu, alikuwa aliyeshambuliwa.

Si kila mahali palikuwa na subira ya kuandika. Julai 1981, wiki ileile ya moto wa Walthamstow, mabasi ya vijana walionyoa vipara yaliingia Southall kwa tamasha kwenye baa ya Hambrough Tavern; walivunja maduka, na kabla ya usiku kuisha baa iliteketezwa na wenyeji. Siku chache baadaye uvumi ukafika Bradford kwamba vipara wanakuja huko pia. Vijana wa Kiasia wakajaza petroli kwenye chupa 38 za maziwa, wakazificha. Vipara hawakuja, chupa hazikutumika, na polisi walizikuta. Vijana 12 walishtakiwa kwa kula njama ya kulipua na kuhatarisha maisha, makosa yenye vifungo virefu.

Mawakili wangeweza kukana kwamba chupa zilikuwa zao. Washtakiwa walichagua jambo la hatari zaidi: walikubali wazi kwamba walizitengeneza, wakasema walikuwa wakilinda mtaa wao. Kwa hiyo kesi iliyosikilizwa Leeds, kuanzia Aprili hadi Juni 1982, ikageuka kuwa uchunguzi wa maisha ya Waasia wa Bradford. Mashahidi walipanda kizimbani kueleza walivyopigwa, na walivyoripoti, na kilichofuata baada ya kuripoti, yaani hakuna. Baraza la wazee wa mahakama liliwaachia wote 12 kwa mashtaka yote. Bado nina wasiwasi na chupa zile; petroli ikishawaka haichagui. Lakini ni vigumu kusoma habari za kesi ile bila kukiri kwamba dola ndiyo iliyotoka na aibu.

Jamii inayojilinda dhidi ya wa nje ina kawaida ya kutotaka kuulizwa ya ndani. Wanawake wa Southall Black Sisters, chama kilichoanzishwa mwaka 1979 na wanawake wa Kiasia pamoja na wenye asili ya Afrika na Karibi, waliliona hilo mapema. Walikuwa mstari wa mbele dhidi ya National Front, na wakati huohuo walipokea wake waliopigwa na waume zao. Wakaambiwa wanawapa wabaguzi silaha, kwamba huu si wakati wa kuanika nguo chafu. Pragna Patel, aliyezaliwa Kenya na kukiongoza chama hicho kwa miaka mingi, alikataa kabisa mpango huo wa kusubiri zamu. Nadhani ndiyo maana Southall Black Sisters wapo hadi leo wakati vyama vingi vya vijana wa kiume vilikwisha kabla ya muongo kuisha, baadhi kwa kugombania ruzuku za serikali ya mji.

Na yule kijana wa Nairobi aliyeuliza damu ni ya nani? Suresh Grover alianzisha kikundi cha kufuatilia mashambulizi hapo Southall, kilichokua kikawa The Monitoring Group. Mwaka 1993 Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, alipouawa kusini mwa London na polisi wakavuruga upelelezi, Grover alikuwa kati ya waliosimama na wazazi wake hadi uchunguzi wa hadhara ukapatikana. Ripoti ya Jaji Macpherson, iliyotoka Februari 1999, iliwataka polisi walihesabu tukio lolote kuwa la kibaguzi endapo aliyetendewa, au mtu mwingine yeyote, ameliona hivyo. Askari hakuwa tena na ruhusa ya kufuta rangi kwenye taarifa kwa hiari yake. Watu wa Newham na Southall walikuwa wamejaza madaftari yao kwa kanuni hiyohiyo kwa karibu miaka ishirini.

Newham Monitoring Project lenyewe halipo tena. Baraza lililokuwa limelifadhili lilikata fedha, na baada ya takriban miaka 35 likafunga milango. Ilipofika Covid, mwaka 2020, na Wachina, Wafilipino na Wavietnamu wakaanza kutemewa mate kwenye treni za London, jamii hizo zililazimika kujenga upya kutoka chini kitu ambacho mashariki mwa jiji kilishawahi kuwapo. Huduma yao, On Your Side, ilizinduliwa mwaka 2022: simu saa zote, lugha kadhaa, na mtu wa kukufuata kituoni ukitaka. Waliifanya isiwe chini ya polisi kwa makusudi, kwa kuwa mpigaji angeweza kuogopa kuulizwa viza kabla ya kuulizwa jeraha.

Agosti 2024, baada ya mauaji ya watoto mjini Southport na uongo uliosambazwa mitandaoni kuhusu muuaji, misikiti na hoteli za waomba hifadhi zilishambuliwa katika miji mingi. Jioni ya tarehe 7 ilisemekana zamu ni ya Walthamstow. Maduka yalifungwa mapema. Maelfu ya watu, wa kila rangi, walijaza barabara ya Hoe Street, na wavamizi hawakutokea. Safari hii dola ilikuwa tofauti na ile ya 1981: watu zaidi ya elfu moja walikamatwa katika wiki chache, na wengine walikuwa tayari gerezani kabla vioo havijarudishiwa. Fedha za wanaopokea simu ni habari nyingine. Ruzuku nyingi hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na kila mwisho wa mwaka wa serikali mratibu huacha daftari la visa pembeni kwa wiki kadhaa ili ajaze fomu ya maombi, inayomtaka athibitishe kwa takwimu kwamba tatizo bado lipo.